Mwenye Chumvi Yake

Siku mchuzi ulipokataa chumvi, wa kwanza kulaumiwa alikuwa mkwe.

"Mwanangu, umenibadilishia kopo?" Bibi Mkavu aliuliza, huku akikoroga.

"Chumvi ni ileile, Mama. Onja."

Akailamba kavu kiganjani. Chumvi kweli. Akaimimina chunguni, akaonja tena: maji ya moto. Likamkaa rohoni, maana mkono wake wa mapishi ndio uliokuwa heshima yake mtaani. Jina la Mkavu alilipata siku alipomzika mumewe bila kudondosha chozi, hata la kuazima, na wanawake wakalitafuna jambo hilo mpaka likalainika. Wasichokijua ni kwamba aliogopa. Alijua kabisa kuwa akianza kulia hataweza kuacha.

Basi maji ya mchuzi ule yalitoka kwenye mashine. Kisima cha uani kilikuwa na maji ya chumvi, tena yakinuka majani yaliyooza. Mwanawe, fundi wa betri, akaunda sanduku lenye mabamba mawili ya chuma na utando katikati. Jua likiwaka, umeme wa paneli unapita, unaivuta chumvi pembeni na kuuvunjavunja ule uozo. Bomba moja likatoa maji matamu, la pili likatoa machungu. Yale machungu yalipaswa kurudi kisimani, lakini mpira ulikuwa mfupi, na shimo la choo lilikuwa karibu.

"Chumvi tu hiyo, Mama," fundi alisema akiuchomeka mpira shimoni. "Nani atalalamika?"

Bibi Mkavu alizijua kazi za mwanawe tangu utotoni, kwa hiyo yeye aliendelea kunywa maji ya mvua kutoka pipa lake.

Mlalamikaji alikuja mchana kweupe, mashine ikivuma. Kwanza ilikuwa harufu, chumvi na choo pamoja, ikipita ukumbini kama mtu anayetafuta mlango. Kisha mkwe akatoka chumbani na mtoto begani, uso umemshuka.

"Mama, hebu mbusu."

"Kumbusu kuna nini?"

"Mbusu tu."

Bibi akambusu mjukuu shavuni, palipolowa machozi. Yalikuwa kama maji ya mvua.

Mtoto akaanza kulegea. Zahanati wakasema damu imepungukiwa chumvi, wakamtundikia dripu. Dripu ikaisha, mtoto akarudi nyumbani vilevile, shingo haimbebi.

Siku iliyofuata, jua likiwa utosini, Bibi aliachiwa amwangalie mtoto, na alikuwa anamkunjia nepi aliposikia sauti ndogo yenye unyevu, ya kitu kinachokwaruza taratibu, akageuka akijua ni paka, na hakukuwa na paka, alikuwapo mtoto peke yake mkekani, na nywele zake laini zikalala upande mmoja, zikalowa, kisha zikalala upande wa pili, kuanzia kisogoni hadi kwenye paji, polepole, kama ndama anavyolambwa na mama yake, na mtoto macho wazi, akimwangalia aliyekuwa juu yake.

Akamnyakua, akakimbia uani, akaung'oa waya. Mvumo ukanyamaza. Kule kulamba hakukunyamaza.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mnene asiyependa salamu ndefu. Alionja maji ya kisima, akanusa shimo la choo, akakunja uso.

"Mmemtoa mtu kwake mkamtupa chooni."

"Mtu gani?" fundi alinong'ona.

"Mwenye kisima. Chumvi ndiyo nyumba yake. Sasa anajenga nyingine, na matofali anayatoa kwa mwanao."

"Nitanunua chumvi dukani, nimmwagie gunia zima."

"Ya dukani haina uchungu, baba. Anataka ya machozi, tena atoe mwenye nayo kwa hiari. Nyie mnaokunywa maji haya mmeshalambwa." Akamgeukia Bibi. "Umebaki wewe, dada."

Mkwe akaenda kuleta kitunguu.

"Kirudishe jikoni," mganga alisema. "Unataka kumtania mwenye kisima?"

Fundi akaunga mpira hadi kisimani, akawasha mashine. Bibi akainamia ukingo, macho makavu kama kokoto. Nyuma yake mkwe akasema, kwa sauti ambayo haikufika mbali, "Mama, ameacha kunyonya."

Hapo ndipo alipomwona mumewe, na jeneza, na kikombe chake ambacho hajakiosha mpaka leo. Chozi likadondoka. La pili halikufika majini, kwa sababu kitu chenye baridi na mikwaruzo kilipanda kutoka gizani kikalipokea shavuni.

Mtoto alitoka jasho jioni ile. Mkwe akamlamba kwenye paji akicheka na kulia. "Chumvi, Mama. Ana chumvi."

Siku hizi, jua likipanda, Bibi Mkavu huenda kisimani akakaa, akaegemeza shavu ukingoni, akalia. Wanawake wanachungulia juu ya ua wakisema afadhali, hatimaye anamlilia mumewe. Hawajaliona lile shavu kwa karibu, lilivyolainika kama jiwe la mtoni.

Juzi kulikuwa na mawingu, usingizi ukampitia. Aliyemwamsha ni mjukuu, chumbani peke yake, akicheka kicheko cha mtoto anayetekenywa.

Akatoka mbio kuelekea kisimani, akijifinya mikono ili machozi yawahi.