Giaboksi Yenye Magadi

Gari la zahanati lilikuwa limezamisha pua kwenye ukingo wa udongo mwekundu, hatua arobaini kabla ya kona. Ng'ambo ya kona ile hapakuwa na kitu ila bonde. Inspekta Evarista alizihesabu hatua mwenyewe, akaziandika. Kisha akamwinamia mkaguzi wa magari aliyelala chali chini ya Land Cruiser.

"Kuna nini huko?"

"Kuna wizi, afande. Zahanati walifunga giaboksi mpya mwaka jana, karatasi nimeziona. Iliyomo humu ni ya zamani, na imekufa."

Hiyo ilikuwa Ijumaa asubuhi. Kufikia saa sita mchana dereva, Lekishon, alikuwa mahabusu mjini Karatu. Jumatatu alikuwa amelipeleka gari gereji, Jumatano likarudishwa, Alhamisi jioni likamshinda mteremkoni. Fomu ya gereji ilisema "beringi ya klachi imebadilishwa", na chini yake palikuwa na sahihi yake. Kamati ya zahanati haikuona fumbo lolote: dereva ameuza giaboksi mpya, akafunga kuukuu. Jumatatu inayofuata angefikishwa mahakamani.

Jumamosi Evarista alimkuta mwanamke kwenye benchi la kaunta, amejifunga shuka, ananyonyesha mtoto wa siku mbili.

"Wewe ndiye uliyemfunga Lekishon?"

"Mimi ndiye mpelelezi. Wewe ni nani?"

"Nashipai, wa Nainokanoka. Nilikuwa ndani ya lile gari, kiti cha nyuma, na uchungu umenishika. Gia ilichomoka, breki zikaanza kunuka. Lekishon akasema, 'Yeyo, mama, shika sana.' Akaligongesha kwenye udongo kwa makusudi. Akanibeba mpaka kwenye lori la vitunguu, nikajifungulia hospitali. Andika hayo."

"Nimeandika. Lakini huo ni wema wake, mama. Mimi natafuta ushahidi."

"Tafuta tu. Mimi nimekaa."

Evarista hakupenda kusukumwa na machozi, na mwanamke huyu hakuwa na hata chozi moja. Ila katika maneno yake mlikuwa na hoja: mtu anayejua giaboksi imeoza hashuki nayo mlima ule. Hoja si ushahidi. Alimwagiza konstebo amletee Nashipai chai ya maziwa, akaenda kumhoji dereva.

"Kelele za gari zilianza lini?"

"Za kwanza au za pili?" Lekishon aliuliza.

Kalamu ya Evarista ikasimama. "Zilikuwa mbili?"

"Mbili, afande. Kabla ya gereji, gari lililia nikikanyaga klachi. Nikiachia, kimya. Lilivyorudi, kinyume chake. Limesimama, gia huru, mguu wangu uko pembeni, linavuma. Nikikanyaga, kimya."

"Una uhakika?"

"Nimechunga ng'ombe miaka kumi na miwili. Kwetu ukungu ukishuka mkono wako mwenyewe huuoni, unafuata kengele. Kengele ya ng'ombe wa jirani sijawahi kuifuata. Nije nidanganywe na gari?"

"Mbona ulisaini?"

"Walilileta likiwa linaunguruma na wagonjwa wananingoja. Nilisaini juu ya boneti. Nilipoingia ndani ndipo nikasikia. Nikampigia Piusi, fundi mkuu. Akasema beringi mpya inazoea, nivumilie mpaka Jumamosi."

"Kwa nini Jumamosi?"

"Ningejua, afande, ningekuwa nyumbani."

Evarista aliyapeleka maelezo hayo uani, kwa Mzee Hasani, fundi wa magari ya polisi. Mzee alimsikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Ukikanyaga klachi, mwanangu, injini na giaboksi vinaachana," alisema. "Kelele ikija ukikanyaga, mgonjwa ni beringi ya klachi, maana ndiyo uliyoisukuma. Kelele ikipotea ukikanyaga, mgonjwa yumo ndani ya giaboksi. Umemnyima mzunguko, amenyamaza."

"Kwa hiyo gari liliingia gereji na ugonjwa mmoja, likatoka na mwingine."

"Lilitoka na giaboksi nyingine. Nyie wasomi mnapenda kuzunguka."

"Dereva hawezi kuwa ameibadilisha mwenyewe baadaye?"

"Kuishusha na kuipandisha ni siku nzima. Muda alikuwa nao?"

Swali hilo lilikuwa na jibu kwenye karatasi. Fomu ilisainiwa Jumatano saa nne na dakika kumi. Orodha ya simu ilionyesha Lekishon alimpigia Piusi saa nne na dakika hamsini, kulalamika. Dakika arobaini.

Giaboksi mbovu ilikuwa sasa sakafuni, kielelezo namba moja. Evarista aliipitishia kisu kwenye pembe ya chini. Ukadondoka ukoko mweupe, mkavu kama chokaa. Hasani alichukua chembe, akaionja, akatema.

"Magadi, chumvi ya ziwani. Hii imetoka chini ya kreta, kwenye mbuga ya wanyama."

Gari la zahanati halikuwahi kushuka kreta. Kazi yake ilikuwa juu, vijijini. Chasisi yake ilikuwa na udongo mwekundu mtupu. Na katika daftari la gereji, wiki hiyo, palikuwa na Land Cruiser nyingine moja tu: gari la watalii, linaloshuka kreta karibu kila siku.

Walilikuta Jumapili asubuhi kwenye maegesho mjini, limerudi safari ya siku nne isiyopita kreta. Hasani aliingia uvunguni. Chasisi ilikuwa nyeupe kwa magadi mwanzo hadi mwisho. Giaboksi ilikuwa mpya, na katika mikunjo yake, chini ya vumbi jepesi la juzi, mlikuwa mmeganda udongo mwekundu.

"Piga picha," Evarista alimwambia konstebo. "Kila boliti."

Mchana huo Piusi aliketi mbele yake, mtu wa miaka hamsini na kitu, kola imepigwa pasi.

"Nilibadilisha beringi," alisema. "Fomu ipo."

Evarista alipanga picha mezani. "Hii ina magadi, na gari la zahanati halishuki kreta. Hili la watalii lina magadi kila mahali isipokuwa kwenye giaboksi. Yote mawili yalikuwa kwako."

Piusi aliziangalia picha moja moja. Swali alilouliza halikuhusu picha.

"Yule mama amezikwa wapi?"

"Mama gani?"

"Aliyekuwa kwenye gari. Mtaani wanasema alikufa, yeye na mtoto."

Evarista angeweza kumwacha na habari hiyo ifanye kazi. Mtu aliyelemewa husema haraka. Lakini haikuwa kweli.

"Yuko hai. Mtoto ni msichana, mzima. Wapo hapo nje, kwenye benchi."

Piusi akalaza paji la uso juu ya meza. "Ahsante Mungu," alisema, akarudia. Alipoinuka alisema, "Andika, afande."

Evarista alimwonya tena kwa mujibu wa sheria, ndipo akaandika.

"Jumatatu nililifanyia servisi gari la watalii. Nikamwaga oili ya giaboksi, nikaitwa na mteja, niliporudi nikafunga nati bila kujaza mpya. Jumanne likashuka kreta, mchana likarudi linavuma. Beringi zimeungua. Wageni wanaondoka kesho yake. Na ya zahanati iko pale chini, mpya, nimeishusha ili niifikie klachi."

"Ulilipwa nini?"

"Sikulipwa kitu. Niliagiza nyingine Arusha, ifike Jumamosi. Nikasema zahanati watatembea taratibu siku tatu."

"Kwa nini hukumwambia mwenye gari ukweli?"

"Miaka ishirini na mbili hakuna gari lililofia mikononi mwangu. Kusahau oili, afande. Hata anayejifunza wiki ya kwanza hasahau oili. Niliona aibu."

"Na Lekishon akalala mahabusu."

"Niliamini nimeua. Nikaogopa. Sasa nifungwe tu, nitafungwa nikishukuru."

Lekishon alitoka jioni ile. Nashipai alimpa mtoto ambebe. Mjumbe wa kamati, aliyekuja kuomba radhi, alimuuliza ni fundi gani sasa alirudishie gari giaboksi yake.

"Piusi," Lekishon alijibu.

"Amekuweka ndani siku tatu," Evarista alisema.

"Najua. Ila hapa mjini hakuna anayemzidi, na kule juu kuna wengine wenye mimba."

Mwendesha mashtaka alikubali, maana vielelezo vilikwisha kupigwa picha na kuorodheshwa. Jumanne, uani mwa kituo, Piusi alifunguliwa pingu. Alifanya kazi siku nzima, konstebo kasimama pembeni, Hasani akimkabidhi spana bila kumtania hata mara moja. Alipomimina oili, hakufunga nati.

"Lekishon," aliita kutoka uvunguni. "Njoo utie kidole mwenyewe. Usiniamini mimi."

Lekishon alilala chini kando yake, akaingiza kidole kwenye tundu. Kilitoka kimelowa.

"Imejaa," alisema. "Ahsante, fundi."

Piusi alikaza nati. Alikaa kule chini muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, na Evarista hakumharakisha.