Rangi ya Buluu kwenye Patasi

Likizo ya Aprili ilipofika, wenzake Harleen walilala mpaka jua likawachoma miguu. Harleen hakutaka raha hiyo. Kila asubuhi, akishamaliza chai na paratha, alifunga nywele zake, akavaa viatu vya kufunika vidole, akavuka ua na kuingia katika karakana ya babu yake pale Dagoretti Corner.

"Sat Sri Akal, Babaji," alimsalimu.

"Sat Sri Akal, puttar," babu yake aliitikia.

Puttar ni mtoto kwa Kipunjabi. Mzee Manjit Singh aliwaita hivyo watu wote aliowapenda, akiwemo Bramwel, fundi wake wa kuunga mbao, ingawa Bramwel alikuwa na ndevu nyingi na watoto wake mwenyewe kule Kakamega.

Mzee Manjit alikuwa fundi wa kukereza. Kipande cha mbao kilifungwa kwenye mashine na kuzungushwa kwa kasi, naye akakiwekea patasi mpaka kikawa mguu wa meza, nguzo ya kitanda au kijiti cha reli ya ngazi. Maranda yaliruka yakatua kwenye kilemba chake, naye aliimba polepole akiwa kazini. Majirani walijua kazi imemwendea vizuri kwa kusikiliza tu ule wimbo.

Ukutani zilining'inia patasi zake. Harleen alikuwa darasa la sita tu, lakini alijua kila moja na kazi yake. Ile pana ilikuwa ya kuondoa pembe za mbao. Ile ya mshazari ilikuwa ya kulainisha, nayo ilimrukia mtu yeyote asiyeijua. Nyingi zilikuwa mpya, zimenunuliwa mjini dukani kwa Aliasgar. Moja tu ilikuwa kuukuu: patasi nyembamba yenye mfereji, mpini wake wa mvule umekuwa mweusi kwa jasho. Mzee Manjit aliirithi kwa baba yake, na hakuna nyingine iliyoweza kuchonga mabonde membamba kama hiyo.

"Hizi mpya huvumilia moto wa jiwe la kunolea," alimwambia Harleen mara nyingi. "Hii ya zamani haivumilii. Unainoa kidogo, unaichovya majini. Unainoa kidogo, unaichovya tena. Ukiona ukingo umegeuka buluu, ujue chuma kimeungua."

Harleen aliitikia "ndiyo, Babaji" kila mara, huku moyoni akiona kwamba kuchovyachovya huko ni mwendo wa wazee.

Wiki hiyo walikuwa na kazi ya Bi. Philister, mteja kutoka Karen, aliyetaka vijiti vya mahogani vya reli ya ngazi. Kila kijiti kilikuwa na mabonde membamba, na vyote vilitakiwa kufanana. Jumanne asubuhi Mzee Manjit aliacha kazi katikati ili aende Upper Hill kupimwa macho.

"Mashine ya kunolea usiiguse mpaka nirudi," alimwambia Harleen.

"Ndiyo, Babaji."

Mzee hakuwa hata amefika barabarani, Harleen akawa ameishika ile patasi ya zamani na kupapasa ukingo wake. Ulikuwa butu. Akilini alimwona babu yake akirudi amechoka, akiikuta patasi inameta, akiuliza kwa mshangao ni nani aliyeinoa. Wazo hilo lilimpendeza mno. Kwani hakuwa amenoa zile mpya mara nyingi, babu akiwa amesimama kando yake? Bramwel alikuwa nje akipokea mbao kutoka kwa lori. Harleen akavaa miwani ya kukinga macho, akawasha mashine.

Cheche ziliruka vizuri. Harleen akakandamiza, kwa maana alitaka kumaliza kabla Bramwel hajaingia. Mkebe wa maji ulikuwa pale pale karibu na mkono wake, lakini hakuutazama. Akainua patasi. Ukingo wote ulikuwa umegeuka buluu, buluu iliyokoza kama wino.

Akazima mashine. Alijua vema kwamba ameharibu, ingawa hakujua ameharibu kiasi gani. Alitazama mlangoni, akachukua kipande cha msasa, akausugua ukingo mpaka buluu yote ikatoka na chuma kikawa cheupe. Halafu akaitundika patasi mahali pake.

"Sasa Harleen," Bramwel alisema alipoingia, akijipangusa jasho. "Leo umenyamaza sana. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu," Harleen alijibu.

Mzee Manjit alirudi na furaha tele. "Daktari anasema kwa miwani hii mpya nitaona kama kijana!" alitangaza. Akafunga mbao kwenye mashine, akachukua patasi yake na kuanza kuimba. Harleen alishika pumzi. Maranda ya kwanza yalitoka marefu na safi, naye akapumua. Kumbe haikuwa na neno!

Mara wimbo ukakatika. Patasi ilikuwa imeanza kukwaruza badala ya kukata, na bonde likachanika nyuzinyuzi. Mzee Manjit aliutazama ukingo, akaupitisha kidogo kwenye jiwe la mkono, akaanza tena. Ikakata kidogo, ikakwaruza tena. Mpaka jioni alikuwa ameharibu vijiti kadhaa vya mahogani, jambo ambalo Harleen hakuwahi kuliona maishani mwake.

Kesho yake mambo yalikuwa yale yale.

"Labda ni hizi mbao, Mzee," Bramwel alisema.

"Mbao ni zile za wiki jana."

"Basi labda ni patasi."

Mzee Manjit alitikisa kichwa. "Patasi hii imechonga tangu wewe hujazaliwa. Macho yangu, kwa miwani hii, yanaona vizuri. Chuma hakibadiliki usiku mmoja, puttar. Anayebadilika ni mtu." Akainyoosha mikono yake mbele na kuitazama, kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Siwezi tena kuushika ukingo sawasawa kwenye jiwe. Mikono imechoka."

Harleen alijiambia kwamba huenda si yeye. Buluu si alikuwa ameifuta yote? Lakini kila alipotafuta faraja katika jibu hilo hakuipata, na karakana bila ule wimbo ilikuwa mahali pa huzuni.

Alhamisi, wakila chakula cha jioni, Mzee Manjit aliiweka chapati yake chini kabla ya kuimaliza. "Nitamwambia Bi. Philister atafute fundi mwingine," alisema. "Na yule Thuo wa Ngong Road ameitamani mashine yangu kwa muda mrefu. Nimempigia simu. Atakuja kesho."

Harleen alisukuma sahani yake ya dengu kando. Usiku huo aliota mashine ikipakiwa kwenye pikapu, na babu yake ameketi katika karakana tupu, mikono imelala magotini.

Thuo alifika asubuhi. Alikuwa fundi kijana mwenye adabu, naye alizunguka mashine bila kugusa kitu. "Mzee, una hakika?" aliuliza. "Hii mashine bado iko sawa kabisa. Na wewe pia bado uko na nguvu."

"Mashine iko sawa," Mzee Manjit alisema, akiipangusa kwa kitambaa. "Ndiyo maana inafaa impate mtu mwenye mikono mizima."

Harleen hakuweza kuvumilia zaidi. "Babaji, usiuze!" alipaza sauti. "Si mikono yako. Ni mimi!"

Wote wakageuka. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini alisema yote: jinsi alivyowasha mashine ya kunolea, jinsi alivyokandamiza bila kuchovya, buluu aliyoiona na msasa alioutumia. Alipomaliza, alingoja babu yake amgombeze.

"Bramwel," Mzee Manjit alisema, "niletee tupa."

Aliishika patasi karibu na dirisha, akapitisha tupa kwenye ukingo. Tupa ikauma, chembe za chuma zikaanguka. Akapitisha juu kidogo, mbali na ukingo. Tupa ikateleza bila kuacha hata alama. Alirudia chini, ikauma. Alirudia juu, ikateleza.

"Ni laini!" Mzee Manjit alipaza sauti, akaanza kucheka mpaka kilemba kikatikisika. "Thuo, njoo uone! Chuma kilichoungua huwa laini, hakishiki makali hata ukinoe mchana kutwa. Ni chuma! Si mimi!" Akaitazama tena mikono yake, safari hii kwa upendo, akapiga makofi. Harleen hakujua kama acheke au aendelee kulia, kwa hiyo alifanya yote mawili.

Kisha uso wa mzee ukawa mkavu. "Patasi imeungua mwishoni tu. Juu kuna chuma kizuri. Harleen, utanoa mpaka uipite sehemu yote iliyoungua. Wewe mwenyewe, mimi nikitazama. Na kila ukigusa jiwe, unachovya."

Harleen akaanza. Alinoa kidogo, akachovya. Alinoa kidogo, akachovya. Mabega yalimuuma, vidole vikaganda kwa maji baridi, na patasi ilipungua polepole mno. Mara moja alijisahau akataka kukandamiza, babu yake akakohoa, naye akaulegeza mkono. Thuo alikuwa na kazi zake, lakini hakuondoka. Alivuta kigoda, akapewa chai na Bramwel, akakaa kutazama. Ilipokaribia saa sita, Mzee Manjit alipitisha tupa kwenye ukingo mpya. Ikateleza. Akaumalizia kwa jiwe la mkono, akafunga mbao, akaiweka patasi.

Maranda yakatoka kama utepe mrefu, yakaendelea kutoka. Bonde lilikuwa laini kana kwamba limepigwa vanishi. Mzee Manjit akachonga la pili na la tatu, na ukingo haukuyumba. Katikati ya bonde la nne, akaanza kuimba.

Thuo akaweka kikombe chini. "Basi mimi nirudi na pikapu yangu tupu," alisema akicheka. "Na nikifika kwangu, nitapima zile patasi zangu zote kwa tupa."

Mchana, karakana ilipotulia, Mzee Manjit alimwita Harleen wakaketi pamoja juu ya mbao.

"Babaji, nisamehe," Harleen alisema. "Nilikuvunjia amri, halafu nikaficha."

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize vizuri. Kuunguza patasi ni kosa la kila anayejifunza. Mimi nimeunguza nyingi, na baba yangu alinifokea. Ungeniachia ile buluu, ningeiona mara moja, tungeinoa siku hiyo hiyo na kazi ingeendelea. Lile kosa la kwanza lilikuwa dogo. Ulipolisugua kwa msasa, ulifuta kitu pekee ambacho kingeniambia ukweli. Mimi nikabaki kutafuta kosa, na niliposhindwa kuliona kwenye chuma, nikalitafuta ndani yangu mwenyewe. Unaona? Ukificha kosa lako, haliondoki. Linamwangukia mtu mwingine, na mara nyingi ni mtu anayekupenda."

Harleen aliinamisha kichwa. Maneno hayo yalimwingia kuliko kiboko.

"Kwa hiyo kuanzia leo," babu yake aliendelea, "utanoa kila Jumamosi, mimi nikiwa hapa. Ukiona buluu, usitafute msasa. Niite. Ita kwa nguvu, hata kama kuna mteja."

Jumamosi iliyofuata Bi. Philister alikuja kuchukua vijiti vyake. Alikuwa akivisifu kimoja kimoja, akivipapasa kwa kidole, wakati sauti nyembamba ilipotoka kona ya mashine ya kunolea na kujaza karakana nzima.

"Babaji! Nimeunguza!"

Bi. Philister alishtuka. "Mbona mtoto anapiga kelele hivyo?"

"Anajifunza kazi," Mzee Manjit alijibu, uso wake umejaa furaha. "Niwie radhi kidogo, naitwa."

Akaenda, akaishika ile patasi. Ilikuwa mojawapo ya zile mpya, na ukingo wake ulikuwa na buluu hafifu.

"Hii haina neno, chuma chake huvumilia," alimwambia mjukuu wake, akiweka mkono begani mwake. "Lakini wewe hukuwa na hakika, ukaniita. Fundi ninayeweza kumwachia karakana yangu siku moja ni yule anayeniita."

Harleen akachovya patasi majini, akaendelea kunoa.