Nilimwita Lilly Mwizi wa Video Zangu

Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye spika ya mtu nisiyemjua, katikati ya soko la Konyo Konyo, hapa Juba.

"Chekecha unga mara mbili, usiwe na haraka..."

Jamani, nilibaki nimeduwaa na mfuko wa sukari mkononi.

Ile ilikuwa kozi yangu! Keki ya jiko la makaa, masomo tisa, ya kulipia. Na Gune, jamaa anayewajazia watu nyimbo na filamu kwenye memori kadi, alikuwa anaiuza kibandani kwake kama muziki wa harusi.

Mnaonijua mnajua nilivyohangaika na kozi ile. Kwa wageni, mimi ni Resty, Mganda wa Masaka, mwaka wa saba huu niko mtaa wa Gudele naoka keki bila umeme. Nilipoamua kufundisha kwa video, binamu yangu Edrine, fundi wa mitandao, aliniuliza nitawafikishiaje wateja.

Kwa grupu la WhatsApp? Nikakataa, watu watasambaza. Kwa memori kadi, mtu aje na simu yake nimwekee? Hapo nilicheka kabisa. Nikasema hayo ni mambo ya kishamba, mimi nataka tovuti yenye nywila.

Edrine akanionya kwamba hapa Juba bando ni ghali na mtandao unakatika. Nikamjibu kwamba anayetaka elimu atajitahidi.

Kitu kimoja tu niling'ang'ania. Mimi siwezi kumfundisha mtu bila kumsalimia. Basi kila mteja nilimrekodia salamu yake mwanzoni mwa somo la kwanza. Karibu mama Nyagai. Karibu dada Adit.

Kwa hiyo pale sokoni nilimwambia Gune arudishe mwanzo.

"Karibu sana, dada Lilly wangu."

Lilly!

Jirani yangu. Tunaimba naye kwaya, amekulia kambi ya wakimbizi Uganda, na Kiganda anakiongea kunishinda mimi.

Sikumpigia simu. Gune sikumuuliza swali hata moja. Nilirudi nyumbani nimefura, nikachukua picha ya Lilly nikaiweka hapa hapa, kwenye ukurasa huu, na neno moja juu yake: MWIZI.

Mengine mkamalizia nyinyi. Mlimwita nyoka. Kuna aliyeandika kwamba atolewe kwaya. Nilisoma maoni yenu yote na, niseme ukweli wangu, nilisikia raha.

Jumapili Lilly hakuonekana kanisani.

Jumatatu nikarudi kwa Gune nimejiandaa kwa vita, afute zile video. Hata hakubisha. Alifuta moja moja huku ananitazama.

"Lakini huyo dada unamsumbua bure," akasema. "Alikuja hapa na simu yake. Video inazunguka tu, bando inakwisha. Akaniomba nimtolee kwa laini yangu, nimwekee kwa memori kadi. Watu wote hapa wanafanya hivyo."

"Na kuuza? Alikutuma yeye?"

"Huyo hata hajui. Mimi kitu nikishatoa, nabaki nayo. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Hapo kuna kitu nilikikumbuka. Nilifungua simu palepale, nikatafuta meseji za Lilly. Zilikuwa tatu, za wiki mbili nyuma.

"Resty, video inakataa."

"Nimeweka bando ingine, bado inazunguka tu."

"Ukhti wangu, naweza leta memori kadi unitilie? Mimi iko tayari kuja sasa hivi."

Na chini yake jibu langu moja.

"Soma maelekezo."

Nilikwenda kwake peke yangu. Nilipiga magoti mlangoni, kama tunavyofanya kwetu, nikaomba msamaha. Lilly aliniinua, akanipa maji ya kunywa, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nikadhani yamekwisha.

"Malesh yako nimeisikia," akasema taratibu. "Lakini hapa tuko wawili tu. Ulinitukana mbele ya watu, nisafishe mbele ya watu. Hao hao."

Ndiyo maana leo naandika.

Baada ya hapo niliwapigia wateja wangu wote, kumi na wanne. Kumi na mmoja hawajawahi kuona hata somo la pili. Walinyamaza kwa kunionea aibu, na mimi nilikuwa nadhani wameridhika.

Sasa kozi natoa kwa memori kadi. Unakuja Gudele na simu yako, tunakunywa chai huku video zinaingia. Najua nakala itamfikia Gune tena. Abaki nayo.

Lilly bado hajarudi kwaya. Nikipita kwake ananisalimia vizuri, kisha anaendelea na kazi yake. Inaniuma sana.

Wenzangu mnaouza kozi mitandaoni, mtu akiwa mbioni kumfungia mwizi mlango, anaweza kumfungia nje aliyelipa. Muulizeni mteja anaingilia wapi kabla hamjaweka kufuli.

Lilly alilipa. Mimi ndiye niliyechukua pesa ya mtu na nisimpe kitu chake.

Kwa hiyo ile posti sikuifuta. Neno lilikuwa sahihi, nilikosea picha tu. Nendeni mkaangalie, nimeshaweka yangu.