Sababu ya Tisa

“Umekopa wapi, Mama?”

“Sijakopa.”

“Mashine haimkatai mtu hivihivi. Kuna mahali umekopa. Umechukua ile mikopo ya riba kali, kausha damu?”

“We mtoto, nimesema sijakopa. Unataka niseme kwa Kinyakyusa ndipo uelewe?”

Ubishi huu ulianza pale mpagazi alipogeuka. Mpagazi lilikuwa roboti la miguu minne, kimo cha meza, lililotumiwa na wafanyabiashara wa jumla wa Mbeya kusambaza mizigo. Asubuhi ile ya Jumamosi lilipanda kilima cha Isanga na marobota ya vitenge mgongoni, likasimama kibarazani kwa Bi. Tusajigwe na kumnyooshea kioo aweke kidole. Aliweka. Kioo kikawa chekundu. Roboti likasema kwa upole, “Samahani, alama yako haitoshi,” kisha likateremka na marobota yake huku watu wakitazama.

“Nimeuza vitenge tangu hujazaliwa,” Bi. Tusajigwe alisema, akivuta kiti. “Sijawahi kudaiwa na mtu. Jana wenzangu wa kikoba wameniondoa kwenye kundi, wanasema nitawashushia alama. Leo bati lenye miguu linanipa mgongo. Na mtoto niliyemzaa mwenyewe analiamini bati kuliko mimi.”

Sekela, bintiye, alijua ni kweli. Aliiamini mashine. Alikuwa mhandisi wa Upepo.

Upepo ilikuwa benki isiyo na jengo, karani wala foleni. Ilikaa ndani ya simu. Benki za zamani zilipofunga matawi yao, watu wa Mbeya walihamia huko, na kwa muda mrefu walipata faida tupu. Aliyelipa umeme kwa wakati, au aliyerudisha mkopo mdogo wa mbolea, alipandishiwa alama yake ya dhamana. Alama ikamfungulia nyumba ya kupanga, ada ya mtoto, mzigo wa dukani. Watu waliokuwa wamekataliwa kila mahali kwa kukosa hati ya kiwanja walikubaliwa kwa tabia zao tu.

Kazi ya kuzisoma tabia hizo ilifanywa na Mizani, akili unde iliyoishi ndani ya Upepo. Mizani ilijua mtu anaongeza salio saa ngapi, anampigia nani, anachaji simu yake lini. Kila iliposhusha alama ilitoa namba ya sababu, na Sekela ndiye aliyejenga mfumo wa kuzigeuza namba hizo kuwa ujumbe wa staha kwa mteja. Sababu ya Kwanza ilikuwa kuchelewesha malipo. Ya Pili, kukopa sehemu nyingi kwa pamoja. Zilikwenda hivyo hadi ya Tisa, ambayo ililetwa kwake bila maelezo. Wakubwa walimwambia aandike “mabadiliko ya mwenendo wa mteja,” naye akaandika.

“Nionyeshe simu,” alisema.

Bi. Tusajigwe aliichomoa simu kwenye kanga iliyokuwa kiunoni na kubonyeza kidole gumba. Alama ikatokea: hamsini na nane. Chini yake yalikuwa maneno ya Sekela mwenyewe: mabadiliko ya mwenendo wa mteja.

“Umebadilisha mwenendo gani?” Sekela aliuliza.

“Nimebadilisha nini mimi? Naamka, nauza, nalala. Umenizoea miaka thelathini, niambie wewe.”

“Hebu fungua tena. Labda mtandao.”

Akabonyeza. Hamsini na saba.

Sekela alisogeza kiti. “Tena.”

Hamsini na sita.

Wakatazamana. Mama hakuwa amenunua kitu wala kutuma hela. Alikuwa amekaa mezani kwake na kugusa simu, basi, na kila alipoigusa ilizidi kumshusha. Sekela aliichukua simu na kuielekeza dirishani, kwenye mwanga.

“Tena, Mama. Polepole.”

Safari hii hakuitazama alama. Alitazama kidole. Kilikaribia kioo, kikasita, kikagusa, kikaruka kidogo, kikagusa tena. Mguso mmoja uligeuka miwili. Nyuma yake kiganja chote kilikuwa kikitetemeka, si sana, kama mkono wa mtu aliyeshika kamba inayovutwa kwa mbali.

“Mkono huu umeanza lini?”

“Mkono gani? Baridi ya Mbeya hii, nani hatetemeki?”

“Mkono wa kushoto hautetemeki.”

Bi. Tusajigwe aliuondoa mkono wa kulia mezani na kuuficha mapajani.

Sekela alikwenda jikoni, akafunga mlango, akampigia Ambakisye. Huyu alikuwa mwenzake pale Upepo, wa kitengo cha kupima hatari za mikopo, mtu wa utani mwingi. Aliposikia maneno Sababu ya Tisa, utani wote uliisha.

“Dada, mambo hayo usiniulize kwenye simu hii,” alisema na kukata.

Dakika chache baadaye simu ya Sekela ililia kwa namba ngeni; alikuwa Ambakisye. Nyuma ya sauti yake zilisikika pikipiki na mtu akiuza karanga.

“Nimeazima simu ya dukani. Kwa nini unauliza?”

“Mama yangu ana Tisa.”

Ambakisye akasema, “Pole, dada.”

“Pole ya nini? Niambie ni ya nini.”

“Hakuna aliyeifundisha Mizani. Ilijifunza yenyewe,” alisema. “Ilichukua watu wote walioacha kulipa ikarudi nyuma kutafuta wanafanana nini. Ikaona kwamba wengi, miezi mingi kabla, vidole vyao vilianza kubadilika kwenye kioo. Wengine sauti, kwa sababu programu inasikiliza sauti pia. Sasa ikimwona mtu anaanza vile, inamshusha mapema.”

“Na hao watu waliacha kulipa kwa nini?”

“Walikuwa wamelazwa. Kiharusi, mishipa ya fahamu, uvimbe kichwani, vitu vya namna hiyo. Au walikuwa wamekufa. Mizani haijui ugonjwa, dada. Inajua kwamba mtu wa namna hii baada ya muda halipi.”

“Wakubwa wanajua?”

“Wanajua. Wakili wao alisema sisi ni benki, si hospitali, tukimwambia mtu tutawajibika. Ndiyo maana uliletewa namba bila maelezo.”

“Inakosea?”

“Inakosea. Si wote wanaoumwa. Lakini kwa wengi haikosei. Mpeleke mama leo, usingoje Jumatatu. Na mimi nawe hatujaongea.”

Sekela alibaki ameshika simu. Aliogopa simu yenyewe. Ilikuwa imemsikia akipumua, akiuliza, akisita, na pengine ilikuwa tayari inamlinganisha na mtu aliyekwisha kuzikwa. Aliiweka juu ya kabati. Halafu akaogopa zaidi, kwa sababu aliishi nyumba moja na mama yake, alikula naye kila siku, na hakuwa ameona chochote. Mashine ndiyo iliyoona.

Alipogeuka, Bi. Tusajigwe alikuwa amesimama mlangoni.

“Nimesikia upande wako wa maneno,” alisema. “Upande wa pili niambie wewe. Usinizungushe.”

Sekela alimwambia yote. Mama alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo hakulizoea. Alipomaliza, Bi. Tusajigwe alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

“Ulianza wakati wa masika,” alisema taratibu. “Kwanza kidole, halafu mkono mzima. Juzi nilikata kitambaa cha mteja kikaenda upande. Nikajiambia ni uzee. Naogopa hospitali, Sekela. Nilidhani nikinyamaza kitapita.”

“Twende sasa hivi.”

“Ngoja. Wako wangapi wenye hiyo Tisa?”

“Wengi. Nchi nzima.”

“Na wote wamepata yale maneno yako ya mwenendo?”

“Ndiyo.”

“Kwa hiyo sasa hivi kuna mtu anagombana na mkewe, anaulizwa amekopa wapi.”

“Kama nilivyokuuliza mimi,” Sekela alisema.

“Unaweza kuwaandikia hao wengine ukweli?”

“Naweza. Ujumbe unatoka kwa idhini yangu. Lakini ukishatoka watajua ni mimi. Watanifukuza, alama yangu itaanguka hadi chini kabisa, na nyumba hii imepangwa kwa alama yangu. Kitasa cha mlango kinafuata alama, kitajifunga.”

Bi. Tusajigwe aliinuka. “Basi tutoe vitu nje kwanza.”

“Mama, umenielewa?”

“Nimekuelewa vizuri. Nitakwenda kwa kaka yangu Tukuyu, nyumba yake ina kufuli la ufunguo. Shika godoro upande ule. Mimi nina mkono mmoja.”

Walitoa godoro, mablanketi, masufuria, sanduku la vyeti na dawa za presha. Vilipokwisha kukaa kibarazani, Sekela alileta kompyuta yake ya kazi na kuifungulia juu ya sanduku. Vidole vyake navyo vilikuwa vikitetemeka kwa hofu. Alijiuliza Mizani inavisomaje. Akaandika, kisha akamsomea mama.

“Ndugu mteja, tunapenda kukujulisha kwamba…”

“Hiyo toa. Hajaalikwa harusini.”

Akafuta, akaanza upya: Huna kosa na huna deni. Mashine ya benki imeona badiliko kwenye mkono au sauti yako na ikakushusha bila kukuambia. Inaweza kuwa ugonjwa, inaweza isiwe. Nenda hospitali leo.

“Hapo sawa,” mama alisema. “Mwisho weka jina lako, wasidhani ni matapeli.”

Sekela akaweka jina lake. Mfumo ukauliza kama utume kwa wateja wote wa Sababu ya Tisa. Alimtazama mama yake mara moja, kisha akabonyeza ndiyo.

Simu ya Bi. Tusajigwe ikalia. Hakuitoa. Mara ikalia nyingine ndani ya nyumba ya jirani, na nyingine bondeni, na moja ikalia pale barabarani, kwa kijana wa bodaboda aliyekuwa akiifuta pikipiki yake kwa kitambaa. Alikuwa kijana mnene wa afya, hajafika thelathini. Akasoma. Akasoma tena. Kisha akauinua mkono wake wa kulia mbele ya uso, akautazama kama ni wa mtu mwingine.

Bi. Tusajigwe alivaa koti, akateremka hadi barabarani.

“Umeelewa ulichosoma?”

Kijana alitikisa kichwa kukubali.

“Pikipiki iache hapo. Hospitali ya mkoa ni hapo chini tu,” alisema, akamshika mkono kwa mkono wake uliokuwa ukitetemeka. “Sekela, funga hiyo kompyuta uje. Tunakwenda watatu.”