Maneno ya Kasereka Juu ya Albamu Mpya

— Aliyo, karibu. Uko wapi, na ni albamu gani imekugusa?

Ilikuwa Jumamosi, saa nane ya mchana. Ndani ya studio ya redio ndogo ya Mapendo, mjini Goma, mtangazaji Umurerwa alikuwa amekwisha kupendekeza albamu tatu mpya: rumba ya mwimbaji mmoja wa Kisangani, rap ya vijana wa Bukavu, na nyimbo za kwaya ya Beni.

— Niko Butembo, dada. Naitwa Marie-Louise. Ninawasikiliza kwa internet. Ile ya rumba…

— Iko mutamu, si vile?

— Iko mutamu. Lakini ile maneno umesoma, kwamba wimbo wa nne mutu asiusikilize mbele ya watu, juu atalia. Nani aliandika?

Umurerwa akatabasamu. Maneno yote ya kipindi yalitoka kwa Kasereka, mtangazaji mwenzake aliyekimbilia Butembo vita ilipoingia Goma. Kila Ijumaa alimtumia majina ya albamu mpya kwa WhatsApp, kila moja na maneno yake. Umurerwa aliyasoma hewani yalivyo. Wasikilizaji walidhani ni ya redio. Yeye alijua ni barua anazoandikiwa yeye. Kwa miezi mitano aliishi kwa barua hizo. Hata mwanaume wa mtaa wa Katindo, aliyeletwa na mama yake amwoe, Umurerwa alimkataa kwa ajili ya Kasereka.

— Ni mwenzetu Kasereka.

— Kasereka mutoto ya papa Sikuli?

— Ye mwenyewe. Unamujua?



— Ni fiancé wangu, dada. Tunafunga ndoa tarehe kumi na mbili. Ile maneno alinitumia jana. Neno kwa neno.

Umurerwa angekata simu, ingekuwa heri. Hakukata.

— Na ya kwaya?

— Yote tatu. Kila juma, tangu Pasaka.

Sauti ya msichana haikuwa na kejeli. Ilikuwa ya mtu anayeomba aambiwe kwamba amekosea.

— Unisamehe, dada. Nilifikiri ananiandikia miye.

— Na miye pia, Umurerwa akasema, mji mzima ukisikia.

Nyuma ya kioo, muzee Munguakonkwa, mkurugenzi wa redio, akaweka wimbo haraka.

Umurerwa akatoka nje uani, akampigia Kasereka simu. Mtandao ulikataa mara mbili.

— Chérie, kipindi imeisha?

— Marie-Louise amepiga redioni.

Kasereka akashusha pumzi.

— Umurerwa, unisikilize. Ni familia. Baba asema, kwa wakati hii ya vita mutoto yake hawezi oa binti ya Rutshuru, mwenye kuongea Kinyarwanda. Asema majirani watasema tumeingiza adui ndani ya nyumba. Wajomba ndio walinitafutia Marie-Louise.

— Na ukaninyamazia tangu Pasaka.

— Ningekuambia, tusingeongea tena.

— Na juu ya nini unamupa maneno yangu?

— Aliomba nimuandikie naye. Nilijaribu, hakuna kitu kilitoka. Ndio nikamutumia kopi ya yako. Naapa, yote nilikuandikia weye.

Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Kasereka angesema hampendi, yeye angemtukana, akaenda zake nyumbani.

— Basi rudi.

— Barabara imefungwa…

— Sisemi leo. Sema tu kwamba utarudi.

Kwenye simu alisikia watoto wakicheza mpira huko Butembo.

— Siwezi mukatalia baba yangu, Umurerwa.

— Haya. Usinitumie tena kitu.

— Na kipindi?

— Nitafanya mwenyewe.

Lakini hakuweza. Juma lile zilitoka albamu nyingine: reggae moja, rumba moja, na nyimbo za injili. Alizisikiliza siku mbili nzima. Katika reggae alisikia ngoma, katika rumba alisikia magitaa, basi. Akaandika, “Albamu hii ni nzuri.” Akafuta. Akaandika tena vilevile.

Mama yake, Mukashyaka, akaja akakaa kando ya kitanda.

— Ule wa Katindo ameisha pata muchumba, binti yangu. Nilitaka usikie kwangu.

— Nimesikia, mama.

Jioni ujumbe ukaingia kutoka namba asiyoijua: “Dada, ni Marie-Louise. Nimemuuliza, amesema yote. Lakini kadi zimeisha gawanywa, na baba yangu amekubali ng'ombe za mahari. Uniombee.”

Umurerwa akajibu: “Nitakuombea.”

Jumamosi asubuhi alimfuata mkurugenzi ofisini.

— Muzee, sina la kusema juu ya hizi albamu.

— Hata moja?

— Hata moja.

Muzee Munguakonkwa akafungua kabati, akatoa rundo la karatasi.

— Matangazo ya vifo yamekuwa mengi, asubuhi haitoshi. Hii saa yako nitawapa wafiwa. Utayasoma?

— Nitayasoma.

Tarehe kumi na mbili ikafika. Saa nane, watu wakitoka kanisani kwenye harusi huko Butembo, Umurerwa alifungua karatasi.

— Familia ya Ntirenganya wa Lac Vert inatangazia ndugu, jamaa na marafiki…

Alisoma majina ya marehemu kumi na saba, taratibu, kwa sauti safi. Hakukosea hata moja.