Moto wa Jumamosi

Kila Jumamosi alfajiri, Wegesa alichukua kaa la moto kwenye kigae akampelekea Bwana Yakobo, fundi wa malori ya machimbo karibu na Genkuru. Bwana Yakobo alikuwa Myahudi kutoka Ulaya. Tangu jua la Ijumaa lilipotua hadi Jumamosi usiku hakuwasha moto wala kuendesha gari, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa Sabato, siku ya Mungu. Hakumwomba mtu msaada. Bhoke, mama yake Wegesa, ndiye aliyesema, "Jirani hanyimwi moto. Baridi ya huku haiulizi dini ya mtu."

Lakini mwaka ule wa 1954 Wegesa alikuwa akijiandaa kubatizwa, na kichwa chake kilikuwa kimejaa mafundisho hadi pomoni. Katekista Tomaso alipofundisha kwamba Wayahudi hawamkubali Yesu kuwa Masihi, Wegesa aliamua kumtetea Yesu. Alimtetea kwa kumnyima mzee moto! Alilitupa kaa njiani, akarudi nyumbani na kusema, "Nimewasha, mama." Akafanya hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi.

Kisha mdogo wake, Mniko, akashikwa na kichomi. Jumamosi moja kulipokucha mbavu zake zilibonyea kila alipovuta pumzi, na midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Baba alikuwa mbali, Busawe, na ng'ombe. Hospitali ilikuwa Tarime.

"Kimbia kwa Bwana Yakobo, atupeleke kwa lori!" mama alilia.

"Mama, leo ni Sabato yake. Hataendesha."

"Wegesa, mtoto anakufa! Kimbia!"

Wegesa alikimbia huku machozi yakimziba macho. Alijua mzee ana sababu mbili za kukataa, na ya pili mama hakuijua. Alimkuta amejifunika blanketi, akisoma kitabu chake cha sala kando ya jiko lililopoa. Wegesa alianguka magotini.

"Shikamoo, Bwana Yakobo. Mniko anakufa. Najua leo ni Sabato. Na mimi ndiye niliyekunyima moto kwa sababu humkubali Yesu. Nichukie mimi, lakini usimwache yeye!"

Mzee alikuwa ameshachukua ufunguo. "Mungu alitupa Sabato ili tuishi," alisema. "Sheria yetu inasema kuokoa uhai kunatangulia. Inuka, twende."

Barabara ilikuwa tope tupu. Ndani ya lori mama alimkumbatia Mniko akiomba kwa sauti, "Yesu, Mwana wa Mungu, niachie huyu!" Ghafla akanyamaza, akamtazama dereva kwa hofu.

"Omba, Mama Wegesa," Bwana Yakobo alisema. "Mimi pia naomba."

Hospitalini Mniko alichomwa sindano. Daktari hakuahidi kitu. "Tungoje," alisema tu. Wakakaa kwenye benchi, na kila mlango ulipofunguliwa Wegesa aliinuka kutazama.

"Kwa nini hamumkubali Yesu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sisi tunaamini Mungu ni mmoja, wala hana mwana," mzee alijibu. "Masihi atakuwa mwanadamu wa ukoo wa Daudi, na akija, vita vitakwisha. Ndugu zangu wote waliuawa Ulaya, mtoto. Nikiitazama dunia, naona bado hajaja."

Wegesa alishindwa kuyazuia machozi. "Sisi tunaamini alikuja, akafa, akafufuka. Naye atarudi."

"Hapo hatukubaliani," mzee alisema. "Lakini wewe unangoja, nami nangoja. Na leo sote tunamngoja Mniko."

Jioni homa ilishuka. Mniko alifumbua macho akaomba uji, na mama akaangua kilio cha furaha.

Kesho yake katekista Tomaso alikuja hospitalini kuwaona. Wegesa alimweleza yote mbele ya mama yake, bila kuficha neno.

"Imani yetu ni ile ile: Yesu ndiye Masihi," katekista alisema. "Lakini alizaliwa na mama Myahudi, akaishika Sabato kwao. Hayo sikuwaambia darasani, na hilo ni kosa langu. Wewe, Wegesa, ulipotupa kaa hukumtetea Yesu. Ulimdanganya mama na kumtesa jirani. Mtu anaweza kuishika imani yake kwa nguvu zote, na bado asimnyime jirani moto."

Jumamosi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito. Wegesa alilipuliza kaa njia nzima lisizimike, hadi kwenye jiko la Bwana Yakobo.