Chupa Iliyobonyea

Redio ya Motorola ilikohoa ndani ya gunia la chupa tupu.

"Kisigino, harusi imeingiliwa. Keki iko kwenye foleni yako."

Harusi ni handaki la mlimani, keki ni baruti. Mwenye sauti ni Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote. Ni bosi wa majasusi.

"Lori lipi, Shangazi?"

"Ningejua ningekutuma wewe?"

Kisigino alitupia jicho foleni.

Malori yalikuwa yamejipanga mbele ya geti la handaki, yote yamebeba saruji, yote yana karatasi zinazosema yametoka bondeni. Geti likifunguliwa yangeingia tumboni mwa mlima. Na tumboni humo, juu ya ngazi, alikuwamo kaka yake wa damu, fundi wa feni, hana habari. Humo simu haishiki.

"Watoeni mafundi kwanza!"

"King'ora kikilia tu, dereva anabonyeza. Tafuta kimya kimya."

Nani alipue handaki? Wenye njia za panya, nani mwingine! Miaka nenda miaka rudi, chumvi na sabuni zilivuka kilele kwa migongo ya punda wao, na bei walipanga wao. Handaki lilipofunguliwa, bei ikashuka. Punda wakanenepa, mabwana zao wakakonda.

Kisigino alishusha kofia usoni, akajitwika gunia.

"Chupa tupu jamani! Msitupe, nipeni mimi!"

"Nikikupa unanipa nini, dada?" dereva wa kwanza aliuliza.

"Nakupunguzia mzigo, kaka. Lori lenyewe limechoka."

Kicheko. Chupa ikaruka. Ngumu, imefura kama shavu la mpiga tarumbeta.

Ya lori la pili, vilevile.

Wa tatu alikuwa na miwani myeusi, ndani ya Scania jeupe. Alirusha yake bila hata kumtazama.

"Shika, potea."

Kisigino aliidaka. Akaganda.

Chupa ilikuwa imebonyea pande zote kama mashavu ya kibogoyo, na kifuniko kimekazwa. Akakizungusha.

Fyuu!

Ikavuta hewa, ikanyooka.

Chupa iliyofungwa bondeni ikipandishwa mlimani, hufura. Hii ilifungwa juu kabisa, kwenye hewa nyepesi, kisha ikashushwa. Ilikuja na punda wa njia za panya.

"Umetoka mbali, bosi?"

"Bondeni. Kwani wewe polisi?"

"Polisi angekuomba chupa?"

Geti likaanza kupanda. Injini zikanguruma. Mkono wa Miwani ukasogea kwenye Nokia yenye waya, iliyobandikwa kwa gundi juu ya dashibodi.

"Bosi! Tairi lako la nyuma linavuja!"

Dereva ni dereva, hata awe na baruti. Akachomoza kichwa na mkono dirishani.

Kisigino alishadandia ngazi ya lori. Pingu ikadaka kifundo cha mkono, ikajifunga kwenye chuma cha kioo cha pembeni. Mkono wa pili ukakimbilia simu.

Bastola ya Glock ikafika shavuni kwanza.

"Huo urudishe ulikoutoa."

Miwani alitweta. "Kwa hiyo... tairi?"

"Tairi zima. Anayevuja ni wewe."

Kweli, jasho lilimchuruzika hadi kidevuni.

"Shangazi, keki nimeipata. Leta wapishi."

Wapishi walifika na mikasi yao, wakapekua chini ya mifuko ya saruji. Waya ukakatwa. Ndipo mafundi wakaitwa nje.

Kaka alitoka amejaa vumbi mpaka kope. Akaona gunia.

"Mdogo wangu? Si ulisema uko ofisini?"

"Niko likizo, kaka."

"Likizo ya kuokota chupa! Mama akisikia?"

"Nani atamwambia?"

Kaka alitikisa kichwa, akamaliza maji yake, akamnyooshea chupa.

"Haya, chukua na hii. Usije kusema sikukusaidia."

Kisigino aliigeuza mkononi. Haikufura, haikubonyea. Hii hakuitia guniani, aliitia ndani ya koti.

"Asante, kaka."

"Unakwenda wapi sasa? Wewe! Nakuuliza!"

Kaka hakuona uso tena. Aliona visigino tu.